Mwenyekiti mkali, mwenyekiti mpole: nani aliua kikundi chetu? (uzi mrefu, vuta kiti)

Mwanakikundi_Mbagala (mleta uzi)

Wakuu salama? Huu uzi umenikaa kichwani tangu mwaka jana, leo mvua imenifungia ndani ngoja niumwage. Ni wa uongozi ila sio wa siasa, wale wa siasa jukwaa lao wanalijua.

Nipo kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, hivi vya mtaani, tuko 27, hisa moja buku tano na mwisho hisa tano kwa wiki, tunakutana Jumamosi saa kumi jioni chini ya mwarobaini nyumbani kwa mwanachama mmoja. Kwa miaka sita tumepita mikononi mwa wenyeviti watatu, na mmoja wa hao watatu ni mimi hapa. Watu walewale, sanduku lilelile, katiba ileile ya kurasa nane, lakini ungekuja mwaka wa pili halafu ukaja wa tano ungeapa ni vikundi viwili tofauti. Hapo ndo pananinyima usingizi, maana sisi huwa tunasema "watu wa mtaa huu wagumu", kumbe watu hawajabadilika, kilichobadilika ni nani kakaa kwenye kile kiti cha mbele.

Mwenyekiti wa kwanza alikuwa mama mmoja mtu mzima, kastaafu, maisha yake yote kasimamia jiko la kulisha mamia ya watu. Tulimwita Komandoo, kwa siri lakini. Saa kumi juu ya alama kikao kimefunguliwa, ukiingia na dakika mbili bakuli la faini linakusubiri getini, simu ikilia mia tano, ukiongea hujanyoosha kidole mia tano, ukicheka mwenzako anapolipa faini nawe mia tano. Nani akope na akope ngapi aliamua yeye, kamati kazi yake ilikuwa kutikisa vichwa. Na nisimsingizie, pesa ilikuwa inarudi. Mzunguko wa kwanza tunavunja sanduku (yaani kugawana) hakuna hata shilingi iko nje, mtu kaweka laki nane kaondoka na zaidi ya milioni, kuna mama alipaua siku hizohizo.

Sasa akapata msiba Bukoba, akakaa huko wiki tatu.

Jumamosi ya kwanza tulikuja 11. Kwa wasiojua hivi vikundi, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti ambao sio viongozi, mmoja asipokuja sanduku linabaki jiwe. Siku ile walikuja watunza funguo wawili. Tukakaa tukaangaliana, tukaongelea mpira, tukaondoka. Jumamosi ya pili watu sita. Ya tatu hata mimi sikwenda. Na makamu yupo, katibu yupo, katiba inasema wazi makamu anaendesha, ila hakuna aliyejua kikao kinaanzaje bila ile sauti. Paka aliondoka, na panya hata kutawala walishindwa, wakarudi zao kulala.

Kitu kingine ambacho naona aibu kukiandika. Kulikuwa na dada muuza mkaa, mzigo wake unashuka Jumamosi mchana kwa hiyo kuchelewa ilikuwa lazima. Komandoo alikuwa anampiga faini kama mtu mwingine yeyote, basi, hakuwahi kumtukana. Sisi ndo tulimfanya mchezo. Akiingia tu kuna mtu atakohoa, kuna atakayesema "mkaa umeshuka", kila hasira ambayo hatukuweza kumwonyesha mama pale mbele tulimshushia yule dada. Alijitoa katikati ya mzunguko, akachukua hisa zake bila faida na hakuaga.

Sehemu ya pili inakuja, napasha chai.

kahawa_chungu

Siti ya mbele. Ila sijaona kosa la Komandoo hadi hapo.

DadaWaBuza

Endelea mkuu, mi niko kwenye kikundi kama hicho, hadi jasho limenitoka hapo kwenye mkaa.

Mwanakikundi_Mbagala

Nimerudi.

Komandoo alipomaliza miaka miwili watu wakasema sasa tupate mtu mpole, na mpole wa mtaa ni mimi. Nikachaguliwa kwa vifijo. Hotuba yangu naikumbuka neno kwa neno maana niliifanyia mazoezi bafuni: ndugu zangu hiki kikundi ni chenu, mimi sitaki udikteta, kila mtu mzima hapa ana akili zake. Wakapiga makofi mpaka mwenye nyumba akatoka kuangalia kuna nini. Mimi nikajua hii ndo demokrasia yenyewe.

Mwezi wa tatu kikao cha saa kumi kinaanza saa kumi na moja na nusu. Faini nikawa nasamehe wenye sababu, na niambieni nyie, nani hana sababu Dar hii? Mikopo nikawa nauliza "kuna mwenye pingamizi?", kimya, basi napitisha, najua kimya ni kukubali. Nilikuja kugundua nimechelewa kwamba kimya cha mama mtu mzima mbele ya vijana wawili wenye sauti kubwa sio kukubali, ni kuchoka. Maana ndo kilichotokea, kiti nilikikalia mimi ila kikundi waliendesha wale wawili, wanakuja wamekula njama nani apate, wakiongea wao hakuna atakayewafikia. Mmoja akajipitishia laki sita mdhamini wake ni yule mwenzake, na yule mwenzake naye laki saba mdhamini ni huyu. Nililiona kwenye daftari kwa macho yangu haya. Nikasema moyoni watu wazima hawa, watarudisha.

Mwezi wa tisa nje kulikuwa na milioni tatu na ushee. Wamama wakaacha kuja, wakawa wanatuma watoto na buku tano na kitabu kigongwe muhuri. Siku ya kuvunja ndo sitaki kuisimulia sana, itoshe kusema kuna mtu alipata pungufu ya alichoweka, na mke wangu alinifuata bodaboda ikiwa inawaka nje tayari.

Kilichoniuma ni hiki, wakati wa Komandoo watu walimwogopa ila walimheshimu. Mimi hawakuniogopa, hawakuniheshimu, na mwisho hawakunipenda hata. Nilijua mpole angalau atapendwa.

fundi_rangi_og

Daah 😂 bodaboda inawaka. Pole mzee.

kahawa_chungu

Umeona sasa? Mtanzania bila kiboko haendi. Rudisha Komandoo kesi imeisha.

Mwanakikundi_Mbagala

Subiri mkuu, hapo ndo nilipotaka tufike. Kuna mpwa wangu yuko chuo anasoma maendeleo ya jamii, siku moja namsimulia balaa langu akaanza kucheka, akasema mjomba hili jambo lako lilishafanyiwa majaribio kabla babu hajaoa. Akanipa la kusoma.

Kuna profesa anaitwa Kurt Lewin, Myahudi wa Ujerumani, Hitler alipoingia madarakani 1933 akakimbilia Marekani, akawa chuo kimoja jimbo la Iowa. Mtu aliyeona nchi yake inamfuata dikteta huku inapiga makofi lazima ajiulize hivi ni watu au ni aliye mbele. Yeye na vijana wake wawili, Ronald Lippitt na Ralph White, wakaanzisha klabu za watoto wa kiume wa miaka 10 hivi, wanakutana baada ya shule kuchonga na kupaka rangi, kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni, mambo ya watoto. Klabu nne, kila moja watoto watano. Kila baada ya wiki kadhaa wanabadilishiwa kiongozi na mtindo: mmoja anaamrisha kila hatua na hasemi kesho mtafanya nini, mmoja anakaa nao wanapanga pamoja, mmoja anawaacha tu, vifaa hivi hapa mkinitaka niiteni. Matokeo yakachapishwa 1939.

Sasa tega sikio kahawa_chungu maana sehemu ya kwanza itakufurahisha. Kiongozi akiwa chumbani, wale wa kuamrishwa waliokubali kunyamaza walifanya kazi asilimia 74 ya muda. Wale wa kupanga pamoja asilimia 50 tu, muda mwingine wanapiga stori. Kwa hiyo ndio, kiboko kinafanya kazi, sibishi.

Halafu kiongozi anatoka chumbani, makusudi, hawaambiwi. Wale wa amri wakashuka kutoka 74 mpaka 29. Wale wa kupanga pamoja kutoka 50 mpaka 46, yaani kama hajatoka.

Na wale wa kuachwa tu kama mimi? Kiongozi akiwepo 33, akitoka 36. Wakuu someni tena hiyo namba. Walifanya kazi muda MWINGI ZAIDI mzee asipokuwepo. Niliposoma hapo niliweka simu chini nikaenda kununua maji.

DadaWaBuza

😂😂😂 mkuu ulikuwa unawapunguzia spidi

Mwanakikundi_Mbagala

Nilikuwa mzigo kweli dada. Ila bado. Kwenye klabu za amri watoto waligawanyika, wengine wakawa bubu kama sisi, wengine wakawa wakorofi, lakini ukorofi wenyewe hawampelekei kiongozi, wanachagua mwenzao mmoja wanamwandama mpaka anaacha kuja klabu. Watoto wa miaka 10, Iowa, na hawajawahi kuona gunia la mkaa.

Na ule mtindo wa tatu inasemekana hawakuupanga. White alikuwa anajaribu kuwa kiongozi wa kupanga pamoja, akawa analegea, wenzake wakitazama wakaona hiki sio tulichokubaliana, hiki kitu kingine kabisa, wakakipa jina lake. Kwa maana hiyo mtindo wangu uligunduliwa kwa bahati mbaya na jamaa aliyedhani yuko kwenye demokrasia, vilevile kama mimi.

kahawa_chungu

Sawa ila 74 ni 74. Mimi ni msimamizi wa saiti, nikiwauliza mafundi "mnaonaje tumwage zege leo?" tutamwaga mwakani. Bosi haondoki saiti, kwa hiyo hiyo 29 hainihusu.

fundi_rangi_og

Mkuu mi ni fundi na nakuambia bosi huwa anaondoka. Anaenda choo, anaenda benki, anaenda kwa mchepuko. Na akiondoka ndo mifuko ya saruji nayo inaondoka 😂

kahawa_chungu

Nyie ndo mnaniharibia biashara.

Mpemba_asili

Mie naingia kidogo. Nyie mwabishana kama kwamba mtu lazma awe kitu kimoja asubuhi mpaka jioni. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akipeleka mzigo Tanga na Mombasa. Bandarini kabla ya kung'oa nanga huyo mzee alikuwa hasemi neno, anamuuliza huyu upepo vipi, anamuuliza yule mwenye kujua mikondo, hata kijana wa kupika ana usemi wake. Anasikiliza wee mpaka utadhani hajui kitu. Lakini mko baharini kusi limekaza na tanga linataka kupasuka, akisema "tua" mnatua, hapana wa kuuliza kwa nini, na wa kuuliza akiuliza atajibiwa nchi kavu. Manahodha wengi chombo huenda mrama, sawa, lakini nahodha asouliza mtu nae chombo kinapanda mwamba, tena anapanda nacho peke yake anaejua njia.

Na watu wake walikuwa hawambishi kwenye dhoruba kwa sababu alishawasikiliza bandarini. Ndo n'navyoona mie.

Mwanakikundi_Mbagala

Mzee wangu umeniokolea aya tatu. Asante.

kahawa_chungu

Hapo kwa Mpemba nimenyanyua mikono kidogo. Zege ndo kusi langu, asubuhi naweza nikauliza.

KichwaMpira

Mnazunguka sana, kocha Mourinho huyo hapo. Mei 2015 Chelsea bingwa wa Uingereza, wachezaji wamembeba juu. Desemba 17 mwaka huohuo kafukuzwa timu nafasi ya 16. Wachezaji karibu walewale! Miezi saba! Watu wanaminywa wee wanatoa kila kitu halafu siku moja wanakauka, huwezi kukamua chungwa mara mbili. Ferguson naye alikuwa mkali mpaka anarusha vitu chumba cha kubadilishia nguo ila kakaa kocha Manchester United tangu 1986 mpaka 2013, makombe 13 ya ligi. Kwa hiyo ukali sio shida, shida ni ukali wa aina gani.

KamatiYaRoho

Ferguson kaondoka United imekuwaje? Rudi kwenye ile 29.

KichwaMpira

Hii imeniuma kuliko inavyotakiwa.

Songea_Litowa

Nimewasoma kimyakimya ila sasa niweke la kwetu, maana mmeenda mpaka Iowa wakati jaribio kubwa kuliko hilo lilifanyika Ruvuma na watu wazima, tena na njaa ya kweli.

Miaka ya 60 mwanzoni vijana wa TANU Youth League waliingia porini Litowa, Songea, kuanzisha kijiji cha kulima pamoja. Hakuna aliyewatuma. Wakajikwaa wakaanza upya. Kilichokuwa cha ajabu ni vikao, kila jambo linaamuliwa na wanakijiji wenyewe, nani analima wapi, mavuno yanagawanywaje, nani anaenda kujifunza ufundi. Vijiji vingine vikaja kuangalia, navyo vikaanza, vikaungana wakaunda chama chao cha maendeleo Ruvuma, vikafika 17 hivi. Walikuwa na shule yao pale Litowa ambayo watoto wanasoma na kulima, walikuwa na kinu chao cha kusaga, na Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwapenda, ile Ujamaa Vijijini ya 1967 ukiisoma unaiona Litowa imo ndani.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja kile chama. Vijiji sasa viongozwe na chama tawala kutoka juu, mali zikachukuliwa. Sababu watu wanabishana mpaka leo ila wengi tuliokulia kule tuliambiwa na wazee kwamba viongozi wa mkoa hawakupenda kuona watu wasiosubiri amri yao. Haikupita miaka mingi ikaja 1973 na tangazo kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe kijijini, atake asitake. Kuna sehemu watu walihamishwa na malori, nyumba zikachomwa ili wasirudi.

Jina ni lilelile, kijiji cha ujamaa. Shamba la pamoja lilelile. Lakini la kwanza watu walikuwa wanalilima bwana shamba akiwa hayupo, hili la pili bwana shamba akigeuza pikipiki tu watu wanarudi kwenye vishamba vyao. Mzee mmoja alikuwa anatuambia shamba la kijiji ulikuwa unalijua kwa magugu.

Mwanakikundi_Mbagala

Mkuu hii ungeifungulia uzi wake kabisa. Sikuijua na niko na miaka 46.

kahawa_chungu

Mimi baba yangu alihamishwa Dodoma 74. Hapa sina utani. Alikuwa anasema mbaya haikuwa kuhama, mbaya ni kwamba hakuna aliyemuuliza kisima kiko wapi. Wakapelekwa sehemu maji ni mwendo wa asubuhi nzima, na wazee wote walikuwa wanajua, wangeulizwa wangesema.

Songea_Litowa

Pole sana ndugu.

ChamaYetu254

Nikisalimia kutoka Nairobi. Huku chama yetu ilikufa kwa njia ingine kabisa, admini wa wasap. Alikuwa mtu mpole sana usoni, lakini grupu ameweka maadmini pekee ndio wanaweza andika. Sisi wanachama 19 tunatuma pesa kwa M-Pesa yake halafu tunaona tu yeye akipost "asanteni, tumefika laki mbili". Hukuwa na mahali ya kuuliza! Ukimpigia anakwambia tulia kila kitu iko sawa. Sasa huyo ni mkali ama mpole? Mimi nimesoma huu uzi yote nikashindwa kumweka.

Mwanakikundi_Mbagala

Hahaha huyo ni Komandoo kavaa kanzu. Mie siku hizi siangalii sauti ya mtu kabisa. Naangalia nani anajua hesabu. Kama anayejua ni mmoja, hata awe anaongea kama maji ya mtungini, huyo ni wa amri.

Na hapo naomba nimalizie mwenyekiti wa tatu maana nilimkatisha.

Dada mmoja fundi cherehani, hajafika 40, sauti yake ndogo mpaka wa nyuma wanasema "hatusikii". Baada ya balaa langu tulibaki 14, yeye akakubali kwa sharti moja, kwamba faini zirudi ila viwango tupange wote. Tulichukua Jumamosi nzima kupanga faini. Na hamtaamini, tulizipandisha wenyewe, kuchelewa kutoka mia tano mpaka buku.

Niwaonyeshe kikao chake kinavyoanza. Funguo tatu zimefika, sanduku limefunguliwa, lakini hakuna anayegusa kitu. Anatembeza macho halafu anamtaja mtu yeyote, sio wa kamati: "Wiki iliyopita tulifunga mfuko wa jamii na shilingi ngapi?" (ule mfuko wa kusaidiana kwenye shida). Kwa kichwa, bila daftari. Huyo anasema, mwingine anathibitisha, ndo mhesabu fedha anatoa noti kwenye mfuko, anahesabu kwa sauti mbele yetu. Mara ya kwanza alinitaja mimi, mwenyekiti mzima wa zamani, sikujua. Nikalipa buku. Sasa hivi mama wa miaka 63 asiyejua kuandika anakutajia salio la wiki tatu nyuma. Nasikia huu utaratibu upo tangu hivi vikundi vinaanza kule Niger 1991, maana wale wamama wengi walikuwa hawasomi, kwa hiyo daftari lilikuwa kichwani. Sisi tulikuwa nao kwenye katiba miaka yote! Ukurasa wa tano. Komandoo hakuuhitaji maana alijua yeye, mimi niliona utawasumbua watu.

Mkopo nao, mwombaji anasimama anaeleza biashara, halafu mwenyekiti haulizi "kuna pingamizi?". Anauliza mmojammoja na anaanzia kwa wasioongea. Wale vijana wawili wenye sauti wanafikiwa mwisho, na wakifikiwa wanakuta tayari watu nane wameshasema. Ndio, bado tunao, walilipa deni kwa awamu, mmoja sasa ndo mhesabu fedha na yuko makini kuliko wote.

Kila wiki nusu saa ya kwanza inaendeshwa na mtu mwingine kwa zamu. Mwenyekiti alipojifungua mwaka jana akakosa miezi miwili na nusu hatukukosa Jumamosi hata moja. Ilikuwa mbaya kidogo, kelele kidogo, mara mbili hesabu zikagoma tukarudia, ila sanduku lilifunguliwa.

Ubaya upo pia nisiwadanganye. Vikao virefu! Suala la kununua viti vya kukodisha lilichukua Jumamosi tano, tukifika mwisho bei imeshapanda, kuna watu wawili walijitoa wakasema hawana muda wa bunge. Na mimi kuna siku nakaa pale saa kumi na mbili na nusu giza linaingia namkumbuka Komandoo kabisa kutoka moyoni.

DadaWaBuza

Naomba niwe mkorofi kidogo. Huyo mama mnamwita Komandoo, dikteta, kiboko. Angekuwa mwanaume mstaafu anafunga geti saa kumi kamili mngemwita mzee mwenye msimamo. Na pia alichukua kikundi kikiwa hakina kitu, watu hawajuani, hawaaminiani, kila mtu anahisi ataibiwa. Huyo cherehani alipokea watu 14 walioungua tayari, wenye adabu ya hasara. Ungewabadilisha nafasi sidhani kama ingekuwa hivyo.

Mwanakikundi_Mbagala

Nimekaa na hii komenti dakika kumi dada. Sina jibu la kukupinga. Hiyo ya jina ni kweli, tena wanaume ndo tulilianzisha. Na hilo la pili, wale watoto wa Iowa walikuwa wanabadilishiwa viongozi kwa zamu ili kuepuka hilohilo, sisi hatukubadilishiwa, tulipitia mara moja tu. Inawezekana ningempokea kijiti cherehani badala ya Komandoo nami ningeonekana hodari.

kahawa_chungu

Usijipe moyo sana 😂

KamatiYaRoho

Swali la kizushi. Wale watoto waliulizwa wanampenda nani?

Mwanakikundi_Mbagala

Waliulizwa. Kati ya 20, watoto 19 walisema kuliko wa amri bora yule wa kupanga pamoja. Mmoja tu ndo alimtaka wa amri. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi.

kahawa_chungu

Huyo dogo ndo mimi.

Mpemba_asili

Na yule dada wa mkaa? Mmemrejesha?

Mwanakikundi_Mbagala

Nilimfuata, mzee wangu. Mwenyekiti alinituma, akasema wewe ulikuwepo nenda wewe. Nikamkuta anapima debe, nikaomba radhi pale mbele ya wateja maana hata kumkosea tulimkosea mbele za watu. Akasema amesikia, akanifungia mkaa wa buku mbili, akapokea hela yake. Kurudi hakurudi, ana kikundi kingine upande wa Charambe, wanakutana Jumapili.

ChamaYetu254

Na Komandoo yuko wapi siku hizi?

Mwanakikundi_Mbagala

Yupo, mwanachama wa kawaida. Ndo mtunza ufunguo namba mbili. Saa kumi kasoro kumi yuko chini ya mwarobaini, kapiga pasi kitenge, ufunguo kaufunga kwenye ncha ya khanga, anaangalia saa yake na hasemi kitu. Juzi hapa alilipa faini ya kwanza tangu tujuane, simu yake iliita. Akasimama mwenyewe akaweka buku kwenye bakuli. Hakuna aliyecheka.

fundi_rangi_og

Mkuu nafasi zipo hapo? Hisa tano kwa wiki naziweza.

Mwanakikundi_Mbagala

Zipo tatu mzunguko ukianza Januari. Mimi sina usemi peke yangu, njoo Jumamosi ujieleze utaulizwa na wale wasioongea. Na ile mifuko ya saruji usiitaje.